Maotea Kwenye Kompyuta ya Mama

Mwezi uliopita Mama alinituma kwenye sanduku lake la bati nimtafutie blanketi, nikakutana na kitambaa cha kufuma, cheupe kilichogeuka rangi ya chai ya maziwa, chenye maua ya njano pembeni. Nilikiweka puani kabla sijafikiri. Kilinuka vumbi lililopata moto, na chini ya vumbi hilo kulikuwa na harufu ya magunia ya kahawa, maana kwetu kila kitu kilinuka kahawa, hata sare za shule. Nilikaa palepale sakafuni, nikasahau blanketi.

Wa rika langu hamhitaji kuelezwa kitambaa kile kilifanya kazi gani. Miaka ile kila kitu kilichotumia umeme kilivalishwa. Redio ilikuwa na chake, runinga chake, na kwa wenye uwezo hata friji ilijitanda. Chetu kilikuwa cha kompyuta. Shule aliyokuwa akifundisha Mama ilibadilisha mashine zake, walimu wakagawana zile za zamani, na Mama akarudi nyumbani na kioo kizito chenye kisogo, lile kasha tuliloliita CPU, na kibodi isiyo na kitufe cha Q. Mama alisema si neno, Kiswahili hakina kazi na Q.

Tuliishi upande wa Mbozi Mission, kwenye nyumba yenye baraza ndefu inayotazamana na mibuni ya Babu. Babu alikuwa baba yake Baba. Aliniita "mke wangu", kama babu yeyote anavyomwita mjukuu wa kike, nami nilikuwa namtisha kwamba nitamwacha niolewe na mwanamume mwenye meno. Alikuwa akijibu kwamba wenye meno huuma. Tulikuwa na ndoa nzuri sana, mimi na yeye, na sijui kama nimewahi kupendwa vile tena bila masharti.

Kati ya Babu na Mama mambo yalikuwa tofauti. Mama ni mtu wa Ibaba, kule milimani Ileje, na alilelewa na bibi yake kwa desturi za zamani za Kindali. Katika desturi hizo mkwe hatazamani na baba mkwe wake. Hakai naye mkeka mmoja, hampi kitu mkononi, na wakikutana njiani mmoja anapinda. Wakwe wenzake Mama walishaacha hayo, walikuwa wanakula meza moja na baba wakwe zao na kubishana nao juu ya mpira. Mama hakuacha. Babu, ambaye ni Mnyiha na angeweza kusema ya Wandali hayamhusu, alimheshimu kwa hilo. Alikuwa akikohoa mara mbili kabla ya kupita karibu na jiko ili Mama apate nafasi ya kugeuka. Miaka kumi na zaidi waliishi kiwanja kimoja wakisemeshana kupitia watu wengine, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mimi.

Sasa, kanisani kwetu mtu akizikwa husomwa historia yake. Alizaliwa wapi, alibatizwa lini, aliacha watoto wangapi. Siku moja Babu alirudi kutoka kwenye mazishi ya jirani, akavua kofia, akaketi barazani, akaanza kucheka peke yake.

"Mke wangu," akaniambia, "nimezika watu wengi katika kijiji hiki. Wote walikuwa wacheshi, wapenda watu, wacha Mungu. Hebu niambie, wale wakorofi wanazikwa wapi?"

Nilisema sijui.

"Basi mimi yangu nitaisema mwenyewe. Sitaki kusingiziwa ucheshi. Mwambie mama yako aiandike kwenye kile chombo chake, na siku yangu ikifika aisome kama nilivyosema."

Ndivyo tulivyoanza. Kila siku nikitoka shule, Babu alikuwa anavuta kigoda chake hadi chini ya dirisha la sebule, upande wa nje, akaketi akiupa ukuta mgongo. Mama alikuwa ndani, mbele ya kompyuta. Mimi nilikaa juu ya kizingiti cha dirisha, mguu mmoja nje na mmoja ndani. Babu alikuwa anasema kwa Kinyiha. Kinyiha cha Mama kilikuwa cha sokoni tu, cha kuulizia maharage, kwa hiyo mimi nilikuwa nayapokea maneno na kuyageuza Kiswahili, naye akayachapa. Hawakuonana. Babu aliongea na mibuni, Mama akaongea na kioo, na mimi katikati nikajiona mtu wa maana kuliko mwenyekiti wa kijiji.

Alikuwa mkweli mno. Alisema alizaliwa mwaka wa nzige. Alisema aliwahi kupigana kanisani kwa ajili ya nafasi ya kupiga tarumbeta kubwa, na kwamba aliyempiga alikuwa anapiga tarumbeta vizuri kuliko yeye. Kuna siku alisema jambo kwa sauti ya chini, akaniamuru niende nikachote maji, kisha akalirudia mwenyewe kwa Kiswahili chake kibovu ili Mama alisikie bila mimi. Niliporudi na ndoo, Mama alikuwa ameacha kuchapa, anafuta macho kwa upindo wa kitenge. Nilinuna siku nzima kwa kunyimwa.

Katikati ya kazi hiyo ndipo nilipofanya jambo ambalo sikulifikiria kuwa jambo. Rafiki yangu darasani, ambaye baba yake alikuwa dereva wa malori ya kuvuka mpaka, aliniazima CD ya mchezo wa magari. Niliiweka kwenye kompyuta Mama akiwa sokoni. Kila kioo kiliponiuliza kitu kwa Kiingereza, nilikubali. Kilikuwa kinauliza, nakubali, kinauliza tena, nakubali tena, kama bibi harusi. Mwishoni mchezo wenyewe ulikataa kucheza, nikairudisha CD kwa mwenyewe na nikaisahau.

Siku chache baadaye niligundua kwamba kompyuta imeongezeka. Kwenye ile sehemu inayoonyesha diski zilizomo, tulizoea kuona mbili tu: C, ambamo Mama alihifadhi kazi zake, na D, lile tundu la kuwekea CD. Sasa kulikuwa na E, F, G na H. Nne mpya, zimepangana chini ya zile za zamani, kila moja na kipicha chake cha sahani ya CD. Nililizunguka kasha mbele na nyuma nikitafuta matundu mapya. Hayakuwepo. Tundu lilikuwa lilelile moja.

Sikuogopa. Nilielewa mara moja, au nilidhani nimeelewa, mambo mawili ambayo mtoto wa miaka kumi hayatofautishi. Baba alipoona mavuno yatazidi kihenge, alijenga kihenge kingine. Kompyuta nayo imeona maneno ya Babu yanakuwa mengi, imejijengea vihenge. Nilimwambia Babu kwamba historia yake imeifanya mashine iote diski nne. Alifurahi sana. Alisema ameishi vizuri kuliko alivyodhani.

Wiki ileile, asubuhi, Babu hakuamka kama kawaida. Baba alimkuta ameketi kitandani, mdomo umevutwa upande mmoja, mkono wa kulia umelala pajani. Kiharusi. Alikaa hospitali majuma kadhaa, na aliporudi alikuwa anatembea kwa fimbo, anakula, anasikia kila kitu, anacheka hata kwa upande mmoja, lakini maneno hayakuwepo. Alikuwa anafungua mdomo, anasubiri, tunasubiri naye, kisha anaufunga. Mkono wa kuandikia nao ulikuwa umekufa. Daktari alisema huenda yakarudi na huenda yasirudi.

Mimi nilitaka aniite mke wangu. Hicho tu. Nilikuwa nakaa mbele yake namchokoza, namwambia nimepata mchumba mwenye meno thelathini na mawili, na macho yake yalikuwa yanajaa maji, nami naondoka mbio.

Siku moja, Mama hayupo, niliwasha kompyuta nikabofya ile diski E. Kioo kikaandika maneno ya Kiingereza. Nilichukua kamusi ya Mama nikayatafuta moja moja: tafadhali, ingiza, diski. Nikabofya F. Tafadhali ingiza diski. G na H, maneno yaleyale. Vihenge vyote vinne vilikuwa vitupu, na vilikuwa vinaomba. Nikakumbuka vimeota lini, na Babu amenyamaza lini. Nikajumlisha. Vitu vile vilikuwa vimenyonya maneno ya Babu hadi ya mwisho, vikayapoteza, na bado vilikuwa na njaa. Na aliyekuwa akiyapokea maneno dirishani na kuyapeleka ndani, kidogo kidogo kila siku, alikuwa nani? Ni mimi.

Sikumwambia mtu. Mzigo ule niliubeba mwenyewe siku nyingi, na nikiwatazama watoto wa miaka kumi sasa hivi huwa najiuliza wamebeba nini.

Baba ndiye aliyenipa dawa, bila kujua. Mama alikuwa analalamika kwamba kompyuta imekuwa nzito, akifungua kitu inachukua muda wa kuchemsha chai. Baba aliinama kwenye kioo, kofia ya shambani bado kichwani, akaona zile diski nne.

"Hizi zimetoka wapi?"

"Hata sijui. Zimejiotea tu."

"Basi haya ni maotea," Baba akasema, akacheka. "Yanakula nguvu ya shina. Yang'oe."

Mtoto wa Mbozi hahitaji kuelezwa maotea. Ni yale machipukizi yanayotoka kwenye shina la mbuni, membamba, ya kijani kizuri, yasiyozaa kitu. Ukiyaacha, mti unayalisha hayo na kahawa inakosa. Kazi ya kuyaondoa ilikuwa ya watoto, na nilikuwa nimefundishwa na Babu mwenyewe: usikate juu juu, maana ukikata moja juu juu yanarudi mawili. Fuata hadi linapoanzia, pale linaposhikana na shina, ulinyofoe hapo.

Kesho yake Baba alikuwa shambani na Mama shuleni. Nilivua kitambaa cha kufuma, nikafungua skrubu mbili za nyuma ya kasha kwa ncha ya kisu cha jikoni, nikavuta ubavu wa bati. Ndani kulikuwa na vumbi jingi na harufu ile niliyoikuta tena sandukuni mwezi uliopita. Nikaona utepe mpana wa kijivu, bapa, umetoka kwenye ubao mkubwa wa kijani na kujigawa njiani. Hapo ndipo yanapoanzia, nikasema. Nikaufuata kwa kidole hadi mwisho wake kwenye kisanduku cha chuma, nikaushika chini kabisa, karibu na shina, nikaunyofoa. Nilifanya kazi safi. Babu angenisifu.

Nikarudisha ubavu, nikarudisha kitambaa. Zile skrubu zilikataa kuingia, nikazifunga kwenye leso. Kisha nikakimbia barazani, nikasimama mbele ya Babu nikihema.

"Babu, sema sasa."

Alinitazama.

"Sema tu chochote. Nimeshaving'oa."

Alifungua mdomo. Nilisubiri hadi miguu ikaniuma.

Jioni Mama aliwasha kompyuta ili asahihishe mitihani. Kioo kilibaki cheusi, na mistari michache meupe ya Kiingereza juu. Alizima, akawasha, akazima. Sijawahi kumwona Mama akipiga kitu, lakini siku ile alilipiga lile kasha kwa kiganja, kisha akaketi sakafuni akalia kwa sauti. Baba alikuja mbio akidhani Babu ameanguka.

"Historia ya baba imo humu," Mama akasema. "Yote. Sikuichapisha hata karatasi moja. Na mwenyewe hawezi kuirudia."

Baba alijaribu kumtuliza. Alisema wataandika nyingine, yeye anayajua mengi ya baba yake. Mama akatikisa kichwa.

"Yaliyomo humo wewe huyajui," akasema.

Kijana mmoja fundi pale Vwawa aliitazama mashine asubuhi iliyofuata kwa dakika mbili. "Mama, hii imeshakufa. Hapa ni kupiga windo upya, yaani kuiwekea programu nyingine kuanzia mwanzo, itarudi kama mpya. Ila vilivyomo vinafutika, siwezi kukudanganya." Mama alilichukua kasha lake, akaliviringisha kwenye blanketi, akasema tunakwenda Tunduma. Baba alibaki na Babu, mimi nikaenda naye kushika milango.

Fundi wa Tunduma alikuwa dada mmoja aliyeitwa Sekela, mwenye kibanda jirani na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Mama alimfahamu kwa sababu watu wao ni wa bonde moja Ileje. Tulimkuta anamkabidhi simu mwanamke kutoka ng'ambo, aliyemshukuru, "Natotela sana," na Sekela akamjibu kwa Kibemba bila kuinua macho. Kisha akatuona.

"Shikamoo, mama. Huyo mgonjwa ana nini?"

"Marahaba. Haamki. Na sitaki kufutiwa kitu, tafadhali. Hata neno moja."

Sekela alilaza kasha ubavuni. Akapitisha kidole nyuma yake, akasimama.

"Hapa hapana skrubu mbili. Nani aliifungua?"

"Haijafunguliwa," Mama akasema.

Nilifikiri kunyamaza. Kisha nikafikiria Babu anavyofungua mdomo na kuufunga, nikatoa leso mfukoni, nikaifungua juu ya meza. Skrubu zikabingirika hadi kwenye kikombe cha chai cha Sekela.

Mama hakupaza sauti. "Kwa nini?" akaniuliza.

Nikayamwaga yote. CD ya magari, vihenge vinne, kamusi, njaa, maotea, utepe. Nilisema nilitaka Babu aongee. Nilisema yote ni kosa langu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiyapeleka maneno ndani. Nililia hadi kamasi zikanifika mdomoni. Mama alinishika kichwa akakibana tumboni mwake, na nikasikia tumbo lake linatetemeka, sikujua kama analia au anacheka. Nadhani yote mawili.

Sekela alisubiri. Kisha akasema, "Haya, njoo unionyeshe ulipong'oa."

Nikamwonyesha. Aliurudisha utepe mahali pake, kwenye kile kisanduku ambacho ndicho kilikuwa C yenyewe, kwa kubofya kwa vidole gumba viwili, akaunganisha kioo chake, akawasha. Mashine ilikohoa, ikaunguruma, ikaamka. Mama alisogea, akashika mausi, akafungua kazi zake ndani ya C, na hapo mbele yetu yakatokea: *Mimi nilizaliwa mwaka wa nzige.* Alisoma mstari huo kwa sauti, akaurudia. Dereva mmoja aliyekuwa nje anakunywa soda akageuka kutazama nani amezaliwa mwaka wa nzige.

"Tuchapishe kwanza kabla hatujagusa kitu," Sekela akasema. Zilitoka karatasi kumi na moja.

Ndipo akanikalisha kwenye kiti chake. "Hizi E hadi H si diski kweli," akaniambia. "Mchezo wako ulikuja na programu yake. Inaidanganya mashine iamini kwamba ina matundu manne mengine na kuna CD za kuwekwa humo. Hazina chuma, hazina nyaya. Huwezi kuzing'oa pale unapoziona, wala ndani ya kasha, maana hazipo. Unamtafuta aliyezileta."

Alinionyesha orodha ya programu zote. Tukaenda nayo chini polepole. Karibu na mwisho kulikuwa na jina ambalo nililikumbuka, lilikuwa limeandikwa kwenye CD ile. Alinifanya nibofye mwenyewe pa kuondoa. Mashine iliuliza kwa Kiingereza, na safari hii akanitafsiria kabla sijakubali: una hakika? Nilisema ndiyo. Ikaomba izimwe na kuwashwa. Ilipowaka tena, kulikuwa na C, na chini yake D, basi.

Mama alimshukuru sana. Mimi nilishatangulia mlangoni. Nilikuwa na haraka ya kurudi, kwa sababu sasa vitu vile vilikuwa vimeondoka kweli, kwa njia sahihi, na nilijua Babu yuko barazani anaongea.

Alikuwa barazani. Alinyanyua fimbo aliponiona. Nikamfikia, nikamkumbatia shingoni, nikangoja sikio likiwa karibu kabisa na mdomo wake. Alipumua tu.

Nililia kule nyuma kwenye kibanda cha kahawa, na Mama akanifuata. Aliketi juu ya gunia. Alinieleza kwamba maneno ya Babu hayakuwahi kutoka kichwani mwake kuingia kwenye mashine. Yaliyoingia ni nakala tu. "Yako palepale yalipokuwa, kichwani mwake. Kuna njia ndani ya kichwa imekatika, ndiyo inayopitisha. Hukuikata wewe. Kama kuna kitu ulichokifanya wewe, ni kwamba kabla haijakatika ulikaa dirishani ukayapitisha mengi." Nimesomeshwa na watu wengi tangu siku hiyo, na sijapata somo lililonituliza kama hilo.

Jioni hiyohiyo nilimsikia akimwambia Baba kwamba anataka Babu asomewe historia yake Jumapili, baada ya ibada. Baba alikataa.

"Historia husomwa kaburini. Tukimsomea akiwa hai tutakuwa tunamzika."

"Tumekaribia kuipoteza. Mimi nimemwandikia mzee maneno yake, naye hajawahi kuyasikia. Je, kama nimekosea? Nani atanisahihisha mzee akishazikwa?"

"Na yeye atasahihishaje, mama watoto? Hasemi."

"Ataonyesha," Mama akasema. "Anasikia."

Mwisho Baba akasema, sawa, lakini yeye mwenyewe ndiye atakayesoma, kwa sababu ya ile heshima ya Mama.

Basi Jumapili, mchana, Babu aliketi kwenye kigoda chake barazani, amevaa koti la kanisani. Baba alisimama mbele yake na karatasi. Mama alikuwa ndani, nyuma ya dirisha, mahali pake. Mimi nilikaa kizingitini. Baba alisoma kuhusu nzige, akasoma kuhusu tarumbeta, na Babu akacheka hadi fimbo ikamponyoka. Nilikuwa nasikia Mama ndani akicheka pia. Baba akafungua karatasi ya sita.

"*Mwanangu huyu ninayeishi naye,*" akasoma, "*alikuwa wa kwanza darasani. Nilimwachisha shule aje anisaidie kahawa, nikasema ni mwaka mmoja tu. Ikawa ndiyo basi. Hakuwahi kunilaumu hata siku moja. Angenilaumu ningepata nafasi ya kumwomba radhi. Sasa naomba hapa...*"

Baba alisimama hapo. Macho yake yalibaki kwenye karatasi lakini mdomo haukuendelea. Babu alikuwa anamtazama usoni, hakupepesa. Nikaelewa kwa nini siku ile nilitumwa maji. Niliona aibu kuwepo, na nisingeondoka hata kwa fimbo.

Mlango wa sebule ukafunguliwa. Mama alitoka. Alipita mbele ya Babu, akaichukua karatasi mkononi mwa mumewe, akaketi kwenye mkeka miguuni pa baba mkwe wake, uso kwa uso. Babu alikohoa mara mbili, kwa mazoea. Mama hakugeuka. Alisoma kuanzia pale Baba aliposhindwa, sauti yake ikawa nyembamba mwanzoni kisha ikatulia. Baba aliketi ukingoni mwa baraza, na Babu akamwekea mkono wake mzima begani, ukakaa hapo.

Mama alisoma ya saba, ya nane, ya tisa. Alisoma jinsi Babu na wenzake walivyochimba kisima cha shule, na jinsi mke wa Babu, Bibi ambaye sikumwona, alivyomkataa mara mbili. Karatasi ya kumi na moja ilikuwa na mistari minne tu, maana siku iliyofuata ndiyo ile aliyoamka hawezi. Ilianza habari ya mvua kubwa na daraja, na ikakatika kabla ya kusema kama daraja lilisimama.

"Imeishia hapo, baba," Mama akasema, akizikunja karatasi. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia moja kwa moja tangu aolewe.

Babu alifungua mdomo. Tulikuwa tumezoea, hatukutarajia kitu. Midomo ilitafuta, ikakosa, ikatafuta tena upande ule mzima, na shingo ikasimama mishipa.

"Bado," akasema.

Mama aliinuka, akaingia ndani kuwasha kompyuta.